Pikipiki Chini ya Mlima Mtakatifu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, mji mdogo wa Sturgis, katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, hufurika pikipiki. Wakazi wake ni kama 7,000 tu, nao kwa muda wa siku kumi hivi hugeuka kuwa wachache ndani ya mji wao wenyewe. Mwaka 2015, tamasha hilo lilipofanyika kwa mara ya 75, idara ya uchukuzi ya jimbo ilikadiria kwamba walihudhuria watu 739,000. Mtu anayekwenda huko kwa mara ya kwanza, hata akiwa mwendeshaji wa miaka mingi, hana budi kupigwa na bumbuazi.

Mgeni huyo hujifunza mengi kabla hajashuka kwenye chombo chake. Katika msafara wa klabu watu hawafuatani mgongoni kama vifaranga; pikipiki moja hushika upande wa kushoto wa njia, inayofuata upande wa kulia, ili kila mmoja apate nafasi ya kufunga breki. Ajuaye njia hutangulia, na mzoefu mwingine hubaki mkiani ili asiachwe mtu aliyeharibikiwa. Kidole kikielekezwa chini, pana shimo au kokoto mbele. Wafikapo mjini, pikipiki hupangwa safu kwa safu, magurudumu ya nyuma yakielekea ukingo wa barabara. Hapo mgeni huambiwa atafute kipande cha ubao, au hata kopo lililopondwa, akiweke chini ya stendi. Maana lami hulainika kwa joto la Agosti, na pikipiki moja ikianguka huweza kuiangusha safu nzima. Wala haruhusiwi kuikalia pikipiki ya mwenzake bila idhini. Mambo haya hayakuamriwa na polisi wala bunge lolote. Ni adabu waliyojitungia waendeshaji wenyewe, nayo yastahili sifa kuliko ngurumo za injini zote za Sturgis.

Adabu hiyo ina asili yake. Klabu ya Jackpine Gypsies iliundwa mwaka 1936, na tarehe 14 Agosti 1938 ikaandaa mashindano yake ya kwanza, wakiwapo washindani tisa na watazamaji wachache. Mwanzilishi wake, Clarence Hoel, mwuza pikipiki aina ya Indian, aliwaacha wageni wapige mahema nyuma ya nyumba yake, na mkewe Pearl akawa mpishi wao. Mwaka 1942 tamasha halikufanyika kwa sababu ya mgawo wa petroli wakati wa vita, lakini baadaye likaendelea na kukua.

Leo ua wa Hoel umekuwa soko. Zinauzwa fulana, bia, majaketi ya ngozi, nembo za kushona na kila kitu ambacho mtu anaweza kushawishiwa akinunue. Wapo hata wanaozileta pikipiki zao juu ya matela, wakazishusha maili chache kabla ya mji na kuingia kwa mbwembwe kana kwamba wametoka mbali. Wazoefu huwacheka, na wana haki. Sheria ya jimbo humlazimisha kuvaa helmeti yule aliye chini ya umri wa miaka 18. Wengi wa waliobaki huenda vichwa wazi na kuliita jambo hilo uhuru. Mwananchi wa Afrika Mashariki, ambaye kwake pikipiki ni chombo cha kubebea abiria, magunia na wagonjwa, atashangaa kidogo. Lakini starehe ya mtu aliyefanya kazi mwaka mzima si kosa.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni hatalisikia kwa wachuuzi. Kaskazini-mashariki ya mji, mwendo wa kilomita kumi hivi, umesimama mlima ulio peke yake katika tambarare. Walakota huuita Mato Paha, yaani Mlima wa Dubu. Kwa Wacheyenne ndipo mahali ambapo nabii wao, Sweet Medicine, alipokea mishale minne mitakatifu. Watu wa mataifa hayo wangali wakipanda huko kufunga na kusali, na miti ya kandokando ya njia imefungwa vitambaa vya rangi vya maombi yao. Mwaka 1857 Walakota walifanya hapo baraza kubwa la kushauriana juu ya wimbi la wazungu lililokuwa likiwajia. Kwa maneno mengine, mahali hapo palikuwa pa kukutania watu miaka themanini na zaidi kabla ya mashindano ya Hoel.

Kwa mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, serikali ya Marekani ilikubali kwamba nchi hiyo, pamoja na milima ya Black Hills, ni ya Walakota na wenzao. Mwaka 1874 ikagunduliwa dhahabu, na mwaka 1877 nchi ikanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kwamba walistahili kulipwa, na fidia ikawa zaidi ya dola milioni 100. Walakota walikataa kuipokea, wakisema nchi yao haikuuzwa. Fedha hiyo, pamoja na riba, sasa imezidi dola bilioni moja na bado haijaguswa, ingawa wengi wa wenye haki nayo ni maskini.

Juu ya historia hiyo yaliongezwa mabaa. Mwaka 2006 wenyeji wa asili kutoka mataifa mbalimbali walikusanyika chini ya mlima kupinga leseni ya pombe iliyotolewa kwa ajili ya ukumbi mkubwa wa starehe jirani na mahali pao pa ibada. Maombi yao hayakusikilizwa.

Wanaotetea biashara hiyo husema kwamba ardhi ni mali ya mtu binafsi, na kwamba kodi ya siku kumi hulisha mji miezi mingi. Hoja ya kodi si ya kupuuzwa. Mwalimu wa Sturgis naye hulipwa mshahara. Lakini hakuna aliyedai tamasha lifutwe. Kinachodaiwa ni kwamba bia na muziki visogezwe mbali, na injini zipunguzwe mvumo zinapopita karibu na watu wanaosali. Mtu anayekwenda kupiga muziki mlangoni mwa msikiti au kanisa wakati wa ibada hawezi kujitetea kwamba kiwanja alikinunua kihalali.

Wala si lazima kungoja leseni zifutwe. Klabu zilizoweza kuwafundisha maelfu ya watu wasiofahamiana mahali pa kushika barabarani na namna ya kuegesha, zinaweza kumfundisha mgeni apite upande gani, na apunguze mwendo wapi. Somo hilo lingefaa litolewe siku ile ile ya kwanza, pamoja na lile la kipande cha ubao chini ya stendi.

Njia ya kupanda kileleni imo ndani ya hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa mwaka 1961, na wageni huombwa wasiguse vitambaa wala kuwapiga picha wanaosali. Asubuhi moja katika siku zake kumi, mgeni angeweza kuiacha pikipiki yake chini na kupanda kwa miguu. Akigeuka kusini-magharibi ataiona Sturgis, na atasikia kinachosikiwa na wale waliopanda kusali.