Siga Moja, Saa Moja, na Yule Rafiki Ambaye Siku Hizi "Yuko Bize"

Wasee, hebu tuongee ukweli leo. Siku hizi kila wikendi Nairobi kuna picha ileile: marafiki watano, glasi za wiski mezani, na kila mmoja ameshika siga. Sisemi sigara ya kawaida. Nasema ile nene, ya majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa kwa mkono. Wengine wenu mnasema ni kujishaua tu. Mimi raha yake naielewa. Shida yangu iko kwingine.

Tuanze na raha. Siga haitaki haraka. Ile ya inchi tano hivi inachukua karibu saa nzima kuisha, na ukiivuta kwa pupa inapata joto na kuwa chungu. Kwa hivyo lazima ukae, uongee, unyamaze, uongee tena. Na zinatofautiana kweli. Zenye ganda la kahawia hafifu huwa laini, zinaenda poa na kahawa ya Nyeri. Zenye ganda jeusi zina utamu fulani, hizo zinataka ramu ama wiski. Za Nikaragua mara nyingi huwa kali, za Jamhuri ya Dominika huwa za upole, na za Kuba zimejijengea jina kwa tumbaku ya Pinar del Río. Ila usiwashe yoyote tumbo likiwa tupu, nikotini itakuzungusha kichwa. Kula choma na ugali kwanza, kachumbari pembeni, ndio uwashe.

Na tusidanganyane. Kuna wanaosema, "Sisi hatumezi moshi, kwa hivyo iko sawa." Haiko sawa. Nikotini inaingia kupitia mdomo, na saratani ya mdomo na koo haingoji umeze. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, kuvuta mahali pa umma, na pia kuitangazia watu tumbaku. Ndio maana hapa hutasikia nikitaja kampuni yoyote.

Sasa hoja yangu. Hizi meza tunaziita "usiku wa marafiki wa zamani". Wa zamani gani? Wengi wetu tulijuana tukigawana KDF moja wakati wa mapumziko. Tukimaliza shule tulisimama kwa mutura ya mia moja watu wanne na tukacheka mpaka mwenye jiko akatufukuza. Leo tumehamia mahali ambapo siga moja ni pesa ya shopping ya wiki, halafu bili inagawanywa sawasawa. Na kuna mmoja kwenye grupu ambaye kila mwezi anaandika, "Niko bize, enjoyeni." Hayuko bize. Hana hiyo pesa, na aibu haimruhusu kusema.

Najua mtaniambia: "Tumetoka mbali, tumejituma, mbona tusile raha?" Kuleni. Pesa ni yenu. Mkitaka kukaa na watu wa ofisini, siga na wiski mpaka usiku wa manane, hakuna neno. Lakini ukiuita usiku wa marafiki wa zamani, mahali pachaguliwe na mwenye mfuko mwepesi zaidi. Anayetaka siga aje na yake. Anayetaka wiski alipie yake. Nyama na chai tuchange kila mtu na uwezo wake, bila mtu kuhesabu.

Na msiseme tu "tutamlipia". Ukilipiwa mara moja ni upendo. Ukilipiwa kila mwezi unaanza kucheka vichekesho ambavyo havichekeshi, na kabla hamjajua mmempoteza akiwa amekaa hapo hapo mezani.

Kinachofanya siga iwe tamu ni ile saa nzima ambayo hakuna anayekimbia. Hiyo saa inapatikana pia kwa kikombe cha chai ya tangawizi na kiti cha plastiki, na mapafu ya jirani yako yatakushukuru.

Kwa hivyo angalia grupu yenu. Nani hajaonekana miezi mitatu? Usimwandikie. Mpigie simu leo, umuulize yeye angependa mkutane wapi. Halafu mniambie alisema nini.