Safari ya Ndege wa Mida Yatuhusu

Tanga mbili imekwisha, kusi imeshika, na hori la Mida, lile lililo baina ya Watamu na Gede, limepungukiwa na wakazi wake. Maelfu ya ndege waliokuwa wakichokoa matope yake tangu Agosti wamekwisha kung'oa nanga. Huko waendako, kaskazini ya dunia, kiangazi ndicho kwanza chaanza na theluji ndiyo kwanza yayeyuka. Hapa kwetu ni mvua za mwaka, bahari imechafuka, vyombo vidogo vimepandishwa pwani, na jambo kubwa kama hili lapita bila ya mtu wa kwetu kuuliza: ndege hawa wamekwenda wapi, na watarudi lini?

Wenye kuuliza wapo, lakini aghalabu si sisi. Ukienda Mida mwezi wa Aprili utamkuta mgeni kutoka Ulaya ameketi kimya saa tatu nzima ndani ya kibanda kilichoko mwisho wa daraja la mbao, darubini machoni na daftari magotini, akihesabu. Wapita njia wa kwetu humtazama yeye, wala hawakitazami anachokitazama. "Hayo ni mambo ya Kizungu," husema, wakaenda zao. Mimi nasema si mambo ya Kizungu hata kidogo. Ndege akaaye kwetu miezi minane, na huko kaskazini miezi michache tu ya kutaga na kulea, ni mwenyeji wa Mida aendaye ng'ambo kwa shughuli zake. Tukimwita mgeni twamdhulumu.

Mchukulie membe. Ni ndege mweupe mwenye weusi mgongoni, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama jambia. Kazi ya mdomo huo ni kupasulia kaa. Duniani kote membe hawazidi yapata 80,000, na mahali pao pa kutagia ni katika bahari zilizolizunguka Bara Arabu: visiwa vya Ghuba, pwani za Oman na Iran, Bahari ya Sham, hadi Somalia. Hajengi tundu juu ya mti wala hatagi juu ya mchanga kama wenziwe. Huchimba shimo refu, akataga humo yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga uliochomwa na jua humsaidia kuliatamia. Kinda hukaa humo shimoni akiletewa chakula. Msimu ukisha, mzazi na mwana husafiri kuja huku, na ukifika Mida mwezi wa Oktoba utamwona mtoto, kimo chake karibu sawa na mzaziwe, angali amfuata nyuma akilia na kuomba kaa. Mvuvi mmoja mzee aliniambia, huku akicheka, kuwa huyo ndiye kijana wa zama hizi.

Kitwitwi ana malezi mengine kabisa. Vitwitwi ni wa namna nyingi, lakini yupo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwa chini. Mwezi wa Januari yeye ni wa kijivu, hana la kumsifia. Ifikapo mwisho wa Aprili amegeuka mwekundu wa tofali tangu kichwa hadi tumbo, mfano wa bwana harusi aliyevishwa joho. Uzani wake wa kawaida haufiki gramu 70. Huyu hutaga Siberia, juu kabisa ya nchi ya Urusi, katika uwanda usio na miti ambako mwezi wa Juni jua halichwi. Hutaga mayai manne, na vifaranga hutoka ganda wakaanza kujitafutia wadudu siku ile ile. La ajabu ni kuwa wazazi hutangulia kurudi kusini, baba akianza na mama akifuata, wakawaacha watoto nyuma. Wiki kadhaa baadaye watoto hao, ambao hawajapata kuona mkoko wala bahari ya joto, huruka wao wenyewe na kufika kwetu bila ya nahodha wala rubani.

Wamejuaje? Wataalamu wamethibitisha kuwa ndege wahamao huongozwa na jua, na nyota, na sumaku ya dunia, na kwamba ndani ya miili yao mna mfano wa saa ihesabuyo mwaka mzima. Bila ya saa hiyo ndege wa Mida angepotelewa na wakati, maana hapa karibu na ikweta urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu, wala hakuna baridi ya kumwambia sasa ondoka.

Wazee wetu walikuwa na tatizo lilo hilo. Mwaka wa Kiislamu huenda kwa mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi, basi haufai kuhesabia pepo wala mvua. Ndipo wakashika na hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, wakaugawanya kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua ni mwongo gani atweke tanga, na mkulima ni mwongo gani atie mbegu ardhini. Siku hizi ukimuuliza kijana wa Malindi au Mombasa tupo mwongo wa ngapi, atadhani wamtania. Ndege hesabu yake anayo bado.

Pepo nazo ni zile zile. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakangoja, na kusi ilipoanza yakarudi na boriti zilizokatwa katika mikoko ya mwambao huu, kwa kuezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Biashara ile imekufa. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo, na hata kabla ya hapo meli za mashine zilikuwa zimekwisha kuyaondoa majahazi baharini. Lakini membe husafiri vile vile. Mwezi wa Aprili, baina ya alasiri na magharibi, utawasikia ndege wa Mida wakiitana. Kundi huinuka, likazunguka mara moja au mbili juu ya mikoko, likajipanga mstari, likashika njia ya kaskazini upepo ukiwa nyuma yake. Baadhi yao wanaelekea zile zile pwani walikotoka mababu wa wengi wetu.

Nilipokuwa chuoni tulihifadhi Sura ya Quraish tukiwa wadogo sana, na mwalimu wetu akatueleza habari za safari mbili zilizotajwa humo, ya kipupwe na ya kiangazi, na neema mbili walizopewa wasafiri wale: kulishwa wasife njaa, na kusalimishwa na hofu. Kila nionapo kundi likiondoka Mida huyakumbuka maelezo yale, maana safari ya ndege nayo haisimami ila kwa mambo hayo mawili. Na yote mawili, mwezi wa Machi na Aprili, yamo mikononi mwetu.

Nianze na chakula. Kwa mwenye kuuza viwanja, Mida maji yakipwa ni nchi tupu inayonuka. Kwa ndege ni ghala. Majani ya mikoko huanguka, yakaoza, yakalisha minyoo, kaa wadogo, konokono na kombe wasiohesabika ndani ya tope, na kila ndege ana mdomo wa kufikia kina chake: sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda, huchimbua kaa mashimoni, kitwitwi mdogo huokota vilivyo juu juu. Hawali kwa saa za jua, hula kwa saa za maji, usiku na mchana. Kabla ya kuondoka hula mpaka wakanenepa, wengine wakaongeza theluthi au hata nusu ya uzani wao, yote mafuta. Kuna ndege wa jamii ya sululu ambao kabla ya safari hata matumbo yao husinyaa, ili mzigo upungue na mafuta yapate nafasi. Mmoja wa jamii hiyo, aliyefungwa chombo cha kumfuatia, mwaka 2022 aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, asitue popote. Mafuta yale yakipunguka hakuna bandari katikati ya bahari.

Na ndiyo maana nikasema amani. Maji yakijaa tope lafunikwa, na ndege hukusanyika katika mafungu ya mchanga yaliyobaki juu ili wapumzike. Hapo ndipo tunapowatesa. Mwezi wa Aprili nimeliona kundi moja likiinuliwa mara nne katika bamvua moja. Mara ya kwanza ni mbwa, ya pili ni pikipiki iliyopitishwa ufuoni kwa mchezo, ya tatu ni mashua iliyobeba watalii. Mara ya nne ni wapenda ndege wenyewe, waliosogea hatua kwa hatua na kamera zao mpaka kundi likakimbia. Kila kurushwa ni mafuta kuungua, na ndege hana duka la kununulia mengine wakati siku zake zimefika.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Oktoba 2024 shirika la kimataifa la IUCN lilizipandisha aina 16 za ndege wa pwani wahamao katika daraja za juu zaidi za hatari, kwa kuwa idadi yao yapungua upesi. Yumo huyo kitwitwi mwekundu wa Siberia.

Simlaumu mvuvi. Hori la Mida limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu tangu mwaka 1968, na kwa sheria, katika sehemu iitwayo hifadhi, uvuvi wa jadi waruhusiwa. Marufuku ni katika ile sehemu ya mbuga. Wavuvi wangali na kinyongo juu ya mipaka ile, na kinyongo chao chastahili kusikizwa. Mtu aendaye kwa miguu na mshipi wake au kigongo chake cha kaa amekaa na ndege hawa tangu mji wa Gede ulipokuwa na watu na misikiti. Gede ulihamwa katika karne ya 17, ndege hawakuhama. Anayenitia hofu ni yule ajengaye ukuta mpaka kwenye mizizi ya mikoko na kuelekeza maji machafu horini, kisha akatangaza kuwa nyumba yake ina mandhari ya ndege. Wenye kutoa vibali vya ujenzi katika Kaunti ya Kilifi wanapaswa kuulizwa, tena hadharani, ni hatua ngapi toka mkokoni waruhusu mtu kujenga.

Wako watakaosema ndege hatuli. Basi na wajue kuwa tangu mwanzo wa miaka ya 2000, fungu la ada walipazo wageni kupita juu ya daraja lile la mbao limetumika kuwalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vilivyo kandokando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne kwa sababu ya membe na sululu.

Lakini lililonikaa moyoni zaidi ni la lugha. Kijana mmoja mwongozaji, hodari kweli kweli, alinitajia ndege wa Mida kwa Kiingereza mmoja mmoja asikosee hata mara moja. Nilipomwomba majina yao ya Kiswahili alinipa manne, kisha akasema waliobaki ni "ndege tu". Majina yapo. Sululu, membe, kitwitwi, shakwe, heroe, yangeyange, na mengine yamo vinywani mwa wazee kuanzia Vanga hadi Kiunga, tena yatofautiana bandari kwa bandari. Washairi wa mwambao wamemsifu tausi mpaka manyoya yakamwisha, ndege wa kuletwa huyo, na kitwitwi akosaye hata beti moja huvuka bara mbili kila mwaka mbele ya macho yao. Ikiwa jina la ndege halimo katika lugha ya watu wa mahali, hao watu watamlindaje? Watamwachia mwenye kitabu chenye jina lake.

Kwa hivyo nawaomba walimu wa Kiswahili wa shule za pwani, na walimu wa vyuo pia, wawatume watoto kwa babu zao wavuvi na daftari. Waulize jina, waulize ndege huyo huja na upepo gani na huondoka mwongo gani, waandike kama walivyosikia.

Wala wasiseme wamechelewa kwa kuwa ndege wamekwenda. Si wote. Wale waliozaliwa mwaka jana wengi wao hawafuati wakubwa mwaka wa kwanza. Hubaki Mida kusi nzima katika mavazi yao ya kijivu, wakingoja. Wiki hizi wapo. Nenda siku za bamvua, saa mbili kabla ya maji kujaa, wakati maji yanapowasukuma karibu na ukingo. Keti chini, usiwasogelee, mbwa mwache nyumbani. Wakubwa wao wataanza kurudi Agosti, na ukiwa umekwisha kuwazoea watoto utaweza kumtambua baba anapotua, angali na wekundu kifuani.