Dawa ya Usahaulifu: Tuulize Kabla ya Kununua



Wengi wetu tunao majumbani wazee waliotokwa na kumbukumbu: huuliza swali lile lile mara kumi, hupotea njia ya msikitini waliyoizoea, na mwisho hawawatambui watoto waliowazaa. Si kila usahaulifu ni maradhi ya Alzheimer, lakini hayo ndiyo chanzo kikubwa cha hali hiyo. Haupiti muda, mzazi huletewa chupa ya mitishamba inayodaiwa kurejesha akili.

Hatuidharau miti. Miongoni mwa dawa ziandikwazo na madaktari kwa maradhi haya imo galantamini, ambayo asili yake ni mimea ya jamii ya Galanthus, yenye maua madogo meupe yachanuayo baridi ikielekea kwisha. Katika miaka ya 1950, wanasayansi wa Muungano wa Kisovieti na Bulgaria waliichunguza, ikatumika kwanza kwa udhaifu wa misuli na athari za polio. Marekani iliiidhinisha kwa Alzheimer mwaka 2001. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, kemikali ipitishayo habari baina ya seli za ubongo. Hupunguza makali kwa muda, haiponyi.

Miaka ipatayo 50 ilipita baina ya ua na idhini hiyo. Mmea wenyewe ukiliwa hivi hivi ni sumu. Wala si kila mti wenye sifa umefaulu: dawa ya majani ya ginkgo ilijaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha kwamba haikuzuia maradhi hayo.

Basi muuza chupa na aulizwe: mna nini ndani, kwa kiasi gani, na imejaribiwa kwa nani? Dawa ya hospitali isikatizwe, na daktari aambiwe kila anachokunywa mzee. Na uchunguzi uitangulie chupa, kwani usahaulifu mwingine hutokana na maradhi ya tezi, upungufu wa vitamini B12 au dawa nyingine anazotumia mgonjwa, na huo waweza kutibika.

Lipo pia lisilosubiri maabara: kumjibu mzazi swali la kumi kwa upole ule ule wa swali la kwanza, kama alivyotujibu sisi tulipokuwa wadogo.

Wabillahi tawfiq.