"Piga Windows" mpaka lini? Fundi wa Ruhuwiko anafuta kazi za watu kwa jibu moja tu!

Ruhuwiko kuna fundi mmoja wa kompyuta, jina kapuni, mwenye jibu moja kwa kila mteja: "Hii tunapiga Windows." Laptopu nzito? Piga Windows. Faili halifunguki? Piga Windows. Imezima ghafla umeme ulipokatika? Piga Windows, halafu diski nayo imekufa, leta laki.

Safari hii aliyeangukiwa na jumba bovu ni shuta wa video za harusi, kijana anayejulikana Songea nzima kwa sendofu na kicheni pati. Laptopu iligoma kuwaka, akaipeleka. Saa mbili baadaye imerudi nyeupe pee, haina hata picha moja. Hela ya watu imeshaliwa na bibi harusi anapiga simu.

Jamani, kufomati siyo kipimo! Daktari gani anakata mguu kabla ya kupima?

Kipimo kimo ndani ya Windows yenyewe, bure, hakili bando. Amri ya chkdsk ipo tangu enzi za MS-DOS miaka ya 1980, pengine ni kubwa kiumri kuliko fundi mwenyewe. Bofya kulia diski C, ingia Properties, kisha Tools, bonyeza Check. Mtu wa CMD aifungue kama administreta na kuandika chkdsk C: basi. Hapo inasoma tu na kutoa ripoti, haigusi kitu. Ukiongeza /f inarekebisha mpangilio wa mafaili uliovurugika, ila kwa diski C itaomba kompyuta iwashwe upya kwanza. /r inatafuta sekta mbovu na kuokoa kinachosomeka, na inaweza kula masaa, kwa hiyo chaja isichomolewe. Wenye Mac wana First Aid ndani ya Disk Utility.

Laptopu imegoma kuwaka kabisa? Flashi ileile ya kupigia Windows ina sehemu ya kurekebisha yenye CMD humohumo. Fundi anayo mfukoni kila siku!

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, mpangilio wa mafaili unaweza kuvurugika. Hiyo siyo diski kufa. Songea, iliyoishi kwa majenereta mpaka gridi ya taifa ilipofika 2018, ilitakiwa kulijua hili kuliko miji mingi.

Watetezi wa fundi wanasema diski nyingine zinakuja zimeshaharibika. Kweli. Diski inayogonga tak-tak isipigwe /r, itamalizikia hapohapo. Ya namna hiyo mafaili yanakopiwa kwanza kwenye diski nyingine. Lakini huyu hakukopi, hakupima, wala hakuuliza swali dogo tu: "Humu kuna kitu cha muhimu?"

Na wateja nao! Mtu anajua filta zote za TikTok, kubofya kulia kunamshinda. Kipimo kifanyike mbele ya mwenye mali, ripoti aione kwa macho yake. Ikitoka safi, fundi aeleze hiyo laki ni ya nini.

Kuhusu shuta, diski ya sahani ikifomatiwa haraka huwa kuna nafasi ya kuokoa mafaili, mradi kisiandikwe kitu juu yake. Fundi alishaweka Windows mpya, magemu na muvi za kutosha. Alisema ni zawadi.