Vipodozi vya sumu visivuke Nimule

KILA siku malori yanayotoka Kampala huvuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha hushika barabara ya lami ya kilomita 192 hadi Juba. Pamoja na unga na mafuta ya kupikia, hubeba krimu, sabuni na dawa za nywele zinazoishia kwenye meza za Konyokonyo na Custom.

Biashara hiyo inalisha familia nyingi na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na sehemu moja ya mzigo huo, yaani vipodozi vya kuchubua ngozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au dawa kali zinazopaswa kuandikwa na daktari.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haiishii hapo. Hupenya hadi kwenye damu, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Jambo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti habari za wagonjwa wa figo, miongoni mwao wanawake waliokuwa wakipaka krimu za aina hiyo.

Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu bila daktari, yaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Aliyekimbia weusi huishia na weusi mbaya zaidi. Dawa kama clobetasol na betamethasone hufanya ngozi kuwa nyembamba na vidonda kuchelewa kupona.

Wako wanaowacheka akina dada wanaojichubua. Sisi hatuungani nao. Msichana aliyerejea kutoka Kakuma, Bidibidi au Khartoum anatafuta kazi na heshima katika mji mgeni kwake, na huenda ameambiwa kuwa weupe hufungua milango. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea. Yeye hulikuta kopo likiwa tayari mezani. Mfanyabiashara huliona katoni kabla hajalipa, kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni wake.

Ndugu mfanyabiashara, ukiwa Kikuubo soma maandishi kabla ya kufungua mkoba. Ukiona neno hydroquinone, mercury, mercurio au calomel, rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini, hiyo ni dalili ya zebaki. Kopo lisilotaja vilivyomo, au lisiloonyesha mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, liache hata kama bei yake ni ya kutupa.

Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilishapiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwataka wanachama wake waachane na vipodozi vyenye zaidi ya gramu moja ya zebaki katika tani moja ifikapo 2020, na mwaka 2023 wakakubaliana kuondoa hata kiwango hicho ifikapo 2025. Mali iliyokataliwa kwa jirani hutafuta soko kwingine. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, isikubali kuwa jalala.

Kwa mnunuzi, kipodozi kinachokufaa ni kile kinacholingana na ngozi yako, si ya jirani. Paka kidogo ndani ya mkono na usubiri siku nzima; kikiwasha, acha. Dawa ya kulainisha nywele isipakwe kwenye kichwa chenye vidonda, wala isipakwe mtoto. Kwa ngozi na nywele zilizokaushwa na vumbi la kiangazi, mafuta ya lulu, yale ya mti wa shea unaoota katika ardhi yetu wenyewe, yanatosha kwa wengi na hayahitaji kuvuka mpaka.

Mwisho, tunaiomba Mamlaka ya Kudhibiti Dawa na Chakula pamoja na Shirika la Viwango la Taifa zipime shehena pale Nimule, na kutangaza majina ya bidhaa zisizofaa kwa Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili, redioni na sokoni. Haitakuwa haki kumnyang'anya mama muuzaji makopo 10 huku lori zima likipita. Mama huyo aelezwe, apewe muda wa kubadilisha mali yake, na sheria imbane kwanza aliyeagiza kwa makatoni.

Figo ikishaharibika, Juba hakuna duka la kuinunua. Kinga na ianzie mpakani.