Mwanafunzi na Ujira Wake



Tukisikia kwamba wanafunzi wanadai mshahara, wengi wetu twashangaa. Twasema: mwanafunzi ni mtu wa kupokea, amepewa elimu, tena ataka na fedha? Basi leo tulitazame jambo hili polepole, maana lina mafundisho kwa wazazi, kwa watoto wa shule, na kwa kila aliye na watu wa kazi chini yake.

Nchini Marekani, kijana akimaliza masomo ya kwanza ya Chuo Kikuu aweza kuendelea miaka mitano, sita au zaidi, mpaka apate cheo cha udaktari wa elimu. Katika miaka hiyo hasomi tu. Asubuhi asimama mbele ya wanafunzi wadogo, awafundisha hesabu au historia. Jioni asahihisha madaftari yao. Au ashinda katika maabara akifanya uchunguzi wa profesa wake. Chuo humsamehe karo na kumpa posho. Lakini katika miji mingi ya kule kodi ya nyumba ni ghali, na posho haifiki mwisho wa mwezi. Akiwa na mke na mtoto, shida huzidi.

Vijana hao walipoomba kupatana na wakuu wao, mara nyingi walijibiwa kwamba wao si wafanyakazi bali wanafunzi, na kazi yao ni sehemu ya masomo. Neno hilo si la uongo lote, kwa maana anayefundisha hujifunza. Lakini tuulize: siku asipofika darasani, nani atafundisha? Itabidi kutafuta mtu mwingine na kumlipa. Seremala humfunza kijana kazi, naye kijana humshukuru. Lakini viti alivyotengeneza kijana vikiuzwa kila siku sokoni, seremala hawezi kusema kwamba hakuna kazi iliyofanyika. Mtu mmoja aweza kuwa mwanafunzi na mfanyakazi pamoja.

Hata sheria ya kule iliyumba. Baraza la serikali linaloamua mambo ya kazi lilisema mwaka 2000, juu ya chuo kikuu cha New York, kwamba vijana hao ni wafanyakazi. Mwaka 2004, juu ya chuo cha Brown, likasema sivyo. Mwaka 2016, juu ya chuo cha Columbia, likarudi kusema ndivyo. Kumbe haki inayogeuka kila wanapogeuka waamuzi ni nguzo dhaifu ya kuegemea.

Jambo hili latuhusu sisi Wakatoliki pia. Mjini Washington kiko chuo kikuu cha Georgetown, kilichoanzishwa mwaka 1789, nacho ni cha Wajesuiti. Mwaka 2005 wanafunzi wake walikataa chakula siku kadhaa kwa ajili ya mshahara wa wafagiaji na watumishi wengine. Chuo kikaweka kanuni ya kuwatendea kwa haki watu wake wa kazi. Lakini mwezi wa Desemba 2017, wanafunzi wanaofundisha walipoomba chama chao kitambuliwe, walikataliwa. Hawakutukana, wala hawakukata tamaa. Walizidi kuzungumza, na mwaka 2018 pande mbili zikakubaliana kwamba kura ipigwe mbele ya mpatanishi wa nje. Mwezi wa Novemba wengi sana walikitaka chama. Mwezi wa Mei 2020 mkataba wa kwanza ukathibitishwa.

Chuo kingine cha Wajesuiti, Boston College, hakikufuata njia hiyo. Wanafunzi walipiga kura ya kutaka chama mwezi wa Septemba 2017, chuo kikakataa kupatana nao, kikisema pia kwamba serikali isiingilie shule ya dini. Basi nyumba mbili za shirika moja, na majibu mawili.

Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mtu aliyebanwa na uhitaji hukubali chochote. Lakini ujira wapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi apate kuishi. Tena aliitetea haki ya wafanyakazi kuungana. Hakuandika kwamba mwenye kalamu na kitabu mkononi ameondolewa.

Yafaa tukumbuke pia kwamba mgomo una majeraha yake. Tarehe 14 Novemba 2022, wafanyakazi wapata 48,000 wa chuo kikuu cha California, wengi wao wanafunzi, waliacha kazi. Mitihani ilikaribia, na karatasi nyingi zikakaa bila kusahihishwa. Walioumia ni wanafunzi wadogo wasio na kosa. Mapatano yalithibitishwa tarehe 23 Desemba. Posho ya chini ya wafundishaji, iliyokuwa dola 23,000 hivi kwa mwaka, ilipangiwa kupanda hadi dola 34,000 hivi kufikia mwaka 2024. Kama fedha hiyo iliweza kupatikana baada ya mgomo, kwa nini haikupatikana mezani kabla yake? Hilo ni swali la wakuu. Na wafanyakazi nao wajiulize kila mara kama mlango wa maneno umefungwa kweli kabla ya kuacha kazi.

Nasi tujitazame nyumbani. Yuko mtoto wa ndugu tuliyemchukua tumsomeshe, naye huchota maji, hupika, hulea wadogo tangu alfajiri. Twasema, “Tunamsaidia.” Ni kweli, lakini naye atusaidia. Tusilitumie jina la msaada kuficha deni. Nanyi watoto wa shule, jifunzeni kudai haki kwa adabu, kwa umoja na kwa uvumilivu. Anayeomba haki yake kwa heshima hamvunjii mkubwa wake cheo. Amkumbusha wajibu wake.