Pensheni za Wakubwa Zirekebishwe Kabla Hawajastaafu

Karani wa serikali mjini Kitui au Wote hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya uzee wake. Ndivyo ulivyo mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021, naye mwajiri huongeza asilimia 15. Hatuna ugomvi nao. Tunalouliza ni kwa nini pensheni ya walio juu kabisa haitegemei mchango wao wenyewe.

Sheria ya 2003 humpa rais mstaafu pensheni ya asilimia 80 ya mshahara, kiinua mgongo cha mshahara wa mwaka mzima kwa kila kipindi alichotawala, na juu ya hayo magari, mafuta, ofisi na watumishi. Sheria ya 2015 ikapanua meza hiyo ili naibu wa rais, makamu wa rais, waziri mkuu, maspika na jaji mkuu nao wapate nafasi. Tunajua kwamba jambo hili latugusa nyumbani: Mheshimiwa Kalonzo Musyoka, mwana wa Kitui, alikuwa Makamu wa Rais kati ya 2008 na 2013. Hatumchukii yeye wala mwingine yeyote. Lakini sheria mbaya haiwi njema kwa sababu jirani yetu yumo ndani yake.

Mzee wa miaka 70 kule Mutomo au Kibwezi, asiye na pensheni yoyote, hutegemea Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na mara nyingi humfikia zikiwa zimechelewa. Nao walimu waliostaafu baada ya mkataba wa mishahara wa 1997 ilibidi waende Mahakama Kuu ya Nakuru kudai haki yao. Walishinda mwaka 2008, kisha wakaanza safari nyingine ndefu ya kungoja kulipwa, na baadhi yao walizikwa wakingoja. Hatujasikia kiongozi mstaafu aliyepanda basi alfajiri kwenda Nairobi kuuliza faili lake limekwama wapi.

Wako wanaosema kwamba pensheni ikishaandikwa haiguswi. Si kweli. Baada ya uhuru, nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilibaki na mzigo wa pensheni za maofisa wa ng'ambo, wakiwamo wale waliokuwa wakituamuru kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Utaratibu huo ulibadilishwa: Uingereza ilitunga sheria mwaka 1973 ili ibebe yenyewe pensheni za watu wake. Wazee hao hawakunyang'anywa kitu. Aliyebadilika ni mlipaji.

Ipo sababu ya kuharakisha. Kifungu cha 151 cha Katiba ya 2010 chakataza kupunguza mafao ya rais au naibu wa rais aliyekwisha kustaafu, maadamu yu hai. Maana yake ni kwamba kila anayetoka ofisini huondoka na sheria ya sasa mkononi, na mlipa kodi hufungwa naye mpaka kaburini. Marekebisho yatawafaa tu wakati wakubwa wangali kazini. Tunataka wachangie kama karani anavyochangia, magari na mafuta yawe na kikomo cha miaka, na hesabu yote ichapishwe kila mwaka.

Bunge halitaanza lenyewe. Mwaka 2020 lilipitisha mswada wa kuwapa wabunge waliohudumu kati ya 1984 na 2001 Sh100,000 kila mwezi, na ni Rais Uhuru Kenyatta aliyekataa kutia sahihi. Kwa hiyo, ndugu wa makanisa na wa vikundi vya vijijini, kila mbunge na seneta wa Kitui na Makueni atakapokuja kusalimu waumini, aulizwe mbele ya watu: utaunga mkono marekebisho ya sheria za 2003 na 2015 kabla ya uchaguzi mkuu ujao, ndiyo au la? Tuleteeni majibu yao. Tutayachapisha pamoja na majina, na atakayenyamaza tutachapisha kwamba alinyamaza.